Barua ya wazi kwa mawaziri: Ruaha Mkuu una ofisi nyingi, maji yake hayana mwenyewe

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Maji, Kilimo, Maliasili na Utalii, Nishati, Mazingira, na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Dodoma.

YAH: KUKAUKA KWA MTO RUAHA MKUU NA TAASISI ZENU ZISIZOKAA MEZA MOJA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Usangu.

Ninaandika hadharani kwa sababu faraghani nimekwisha kuandika. Mimi ni mkulima wa mpunga Wilaya ya Mbarali, ekari tatu, na kwa miaka saba nilikuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji katika mto mmojawapo unaoshuka kutoka milimani kuingia Ruaha Mkuu. Faili la jumuiya lina barua kumi na moja, zote zimegongwa muhuri wa "Imepokelewa". Majibu ni mawili. La kwanza lilisema suala letu linahusu ofisi nyingine. La pili, kutoka hiyo ofisi nyingine, lilisema suala letu linahusu ofisi ya kwanza. Sitazitaja kwa majina, na kijiji changu sitakitaja, maana watumishi waliotupokea walikuwa watu waungwana na sitaki mtu apoteze kibarua kwa kosa lisilo lake. Kosa ni la mpangilio, na mpangilio uko mikononi mwenu.

Niwape kisa kimoja. Katikati ya Oktoba, siku ya Jumatatu, gari la serikali lilifika kwenye banio letu, yaani kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji kwenye mfereji wa mashamba. Maofisa wakatusomea barua, wakashusha geti, wakafunga mnyororo na kufuli. Mto ulikuwa umepungua na maji yalitakiwa yashuke kwenye ardhioevu ya Ihefu na hifadhini. Tulinung'unika, lakini tulikubali. Mwenyekiti wetu mwenyewe ndiye aliyewamulikia tochi fundi alipokuwa anakaza nati, kwa sababu jua lilikuwa limeshazama. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo likaja gari la pili, la serikali hiyo hiyo, limebeba wataalamu na vifaa vya kupimia ardhi vyenye miguu mitatu. Walikuja kupima njia ya mfereji mpya, kama mita mia tatu juu ya kufuli letu. Tukawapeleka wakalione. Walishangaa kweli, maana hawakuwa wameambiwa. Nao walikuwa na barua. Nimezisoma zote mbili, na juu ya kila moja ipo ngao ya Taifa, bibi na bwana wale wale.

Kwa msomaji asiyefika huku, mto wenyewe uko hivi. Maji ya milima ya Uporoto na Kipengere hushuka kwa mito mingi, ikiwemo Mbarali, Kimani na Chimala. Ndembera huja kutoka upande wa Mufindi. Yote hukutana tambarare ya Usangu, na kabla ya kuendelea chini hutuama kwenye ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, Ng'iriama, na mlango huo una kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea na safari. Yakishuka chini yake, hata kwa kimo cha kiganja, mto unakatika, na huko Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabaki wakisongamana kwenye matope. Kwa hiyo mto wetu haupungui kidogo kidogo kama ndoo inayovuja. Unafika mahali unakatwa. Kiganja hicho kimoja cha maji ndicho ninachokigombea katika barua hii.

Mto ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993. Mwaka huo huo ndipo ofisi ya maji ya Bonde la Rufiji ilipoanzishwa. Siilaumu ofisi kwa ukame. Nasema tu kwamba mganga na ugonjwa walifika pamoja, na mgonjwa bado yuko kitandani. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu, wengi wakaelekezwa Lindi. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu, lililokuwa limetangazwa mwaka 1998, likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2017 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuuokoa mto. Mwaka 2019 wakateuliwa mawaziri nane wa kisekta kushughulikia migogoro ya ardhi nchini. Hatua hizo zote zilikuwa na nia njema, na kila hatua ilikuja na ofisi yake na mashangingi yake. Kiangazi kikifika, mwamba wa Ng'iriama unachomoza vile vile.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna anayeulizwa kuhusu mto mzima.

Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji inatoa vibali vya kutumia maji. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, inajenga skimu za umwagiliaji. Halmashauri inakusanya ushuru wa mazao, kwa hiyo kila gunia la mpunga linalotoka Usangu ni pato lake. TFS inalinda misitu ya milimani, TAWA inalinda mapori ya akiba, TANAPA inalinda hifadhi. NEMC inasimamia mazingira. TANESCO, shirika la umeme, iko chini kabisa, kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu, ikisubiri kinachobaki. Mwisho wa mwaka mmoja ataulizwa amekusanya ada kiasi gani, mwingine ameongeza hekta ngapi za umwagiliaji, mwingine amepokea watalii wangapi, mwingine amefua megawati ngapi. Na kila mmoja anaweza kupata alama nzuri katika mwaka ambao mto umekauka wiki kumi. Nani kati yao anaulizwa maji yalivuka Ng'iriama siku ngapi?

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Manahodha wetu hata hawajapanda chombo kimoja.

2. Mabanio ya zege yalijengwa bila kumuuliza aliye chini.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo palipo na kiini. Wazee wetu walijenga mabanio kwa mawe, magogo, matete na udongo. Yalivuja. Masika mafuriko yaliyabeba, tukayajenga upya. Tuliona ni adha, na wataalamu walipokuja na saruji tulishangilia; mimi mwenyewe nilibeba kokoto. Banio la zege lina geti la chuma na ukuta uliokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Halivuji. Ndiyo sifa yake, na ndiyo balaa lake. Lile banio la magogo, hata ungetaka kuyachukua maji yote ya Oktoba usingeweza, maana lilikuwa linampitishia jirani wa chini bila wewe kutaka. La zege linaweza kuukausha mto kwa kuzungusha usukani mmoja.

Kwenye vitabu vya kilimo hilo liliandikwa kuwa ni kuboresha skimu, na kwa upande wa kilimo ni kweli. Lakini maji yaliyokuwa "yanapotea" kwenye banio bovu ndiyo yaliyokuwa yanajaza Ihefu. Tangu watafiti walipofanya kazi yao Usangu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 jambo hili limekuwa likisemwa, na ripoti ziko kwenye kabati za wizara zenu. Aliyejenga banio hakuwa na wajibu wa kusoma ripoti ya mlinzi wa mto, na mlinzi wa mto hakuwa na sauti kwenye mchoro wa banio.

3. Kibali kinazungumza lugha ambayo mto haujui.

Kibali cha maji kinaandika lita kwa sekunde. Masika kiasi hicho ni tone. Kiangazi ni mto wote. Mkulima amelipia ada, ana karatasi yenye muhuri, halafu anaambiwa afunge. Anajibu: nimelipa. Hana makosa. Tumemuuzia maji ambayo mwezi Oktoba hayapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walikuja huku na ubao wa mbao ulioinamishwa, una mfereji katikati kama mto, na gololi za kioo ndizo maji. Kila mkulima alipewa nafasi yake mtoni aweke kijiti chake cha banio. Gololi zikaachiwa. Walioketi juu walijaza mashimo yao, walioketi chini wakabaki kuangaliana. Watu wazima walikaribia kugombana kwa gololi! Kisha wakaambiwa warudie, safari hii wazungumze kwanza. Wakagawana. Nilijifunza zaidi siku ile kuliko katika semina zote zilizofuata, na tangu hapo nimekuwa nikitamani kuona ubao ule ukiwekwa Dodoma, makatibu wakuu sita wakaketi kuuzunguka.

4. Tunafungiwa geti kabla ya kuchimbiwa kisima.

Kuna jambo ambalo anayefika Usangu kwa siku moja halioni. Kiangazi, mashamba yakiwa makavu na mpunga umeshavunwa, mifereji mingi bado ina maji. Ofisa anaona ubadhirifu. Angeketi mpaka jioni angeona akina mama na watoto wanakuja na ndoo. Vijiji vingi vya huku vinakunywa, vinafua na kunywesha mifugo kwenye mfereji wa skimu. Ili kaya ipate ndoo sita, mfereji wa udongo wa kilomita kadhaa lazima utiririke mchana na usiku, na sehemu kubwa inanyonywa na ardhi au kupotea juani. Kwa ndoo hizo chache tunapoteza mto.

Dawa yake haihitaji askari. Ni kisima kirefu, pampu na vituo vya kuchotea. Wakala wa maji vijijini, RUWASA, wa kuchimba visima hivyo, upo tangu 2019. Bodi ya Maji ya Bonde ipo. Zote mbili ziko chini ya wizara moja, ya Maji. Lakini orodha ya vijiji vya kupewa visima inapangwa kwa idadi ya watu na umbali wa kutafuta maji, na kijiji chenye mfereji pembeni kinaonekana kina maji tayari, kinawekwa mkiani. Hakuna safu kwenye jedwali hilo inayosema: kijiji hiki kikipata kisima, banio fulani litafungwa kuanzia Agosti na Ihefu itapata kiasi fulani. Tuliiomba ofisi moja iongeze safu hiyo. Tuliambiwa fomu ikishatoka makao makuu haibadilishwi.

Na tusisahau sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imetanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, yakafuata ya kutunza mazingira, ndipo shughuli nyingine za uchumi. Kisima kingetimiza la kwanza na la pili kwa mkupuo. Geti lililofungwa bila kisima linalitimiza la pili kwa kulivunja la kwanza.

5. Mita 60 zinapimwa kwa kamba tofauti.

Sheria ya Mazingira ya 2004 na Sheria ya Maji ya 2009 zote zinakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Sipingi. Lakini Usangu ni tambarare, na ukingo wa mto wakati wa masika si ukingo wa kiangazi. Ofisa mmoja alipima kutoka maji yalipo, jirani yangu akabaki na shamba. Mwaka uliofuata akaja mwingine, wa ofisi nyingine, akapima kutoka alama ya mafuriko, jirani akang'olewa vitunguu vyake. Bikoni za hifadhi, yaani alama za mipaka yake, nazo ni vivyo hivyo. Kuna vijiji ambavyo mtu ana cheti cha kijiji kilichosajiliwa, ana shule iliyojengwa na halmashauri, na ana barua ya kumwambia yumo hifadhini.

Waheshimiwa, najua mtakayojibiwa mkiwauliza wasaidizi wenu.

Watasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mvua zimevurugika, nakubali. Lakini mvua zikipungua ndipo kugawana kunapohitaji mpangilio zaidi. Hicho si kisingizio cha kukosa kikao.

Watasema wafugaji na wakulima ni wavamizi. Wafugaji waliondolewa, mto ukaendelea kukauka. Waliosema wakati ule kwamba ng'ombe ndio wanaokunywa Ruaha tunawadai hesabu mpya.

Watasema umeme. Kwa miaka mingi taa zikizimika Dar es Salaam kidole kilielekezwa kwetu. Bwawa la Mtera hujazwa na maji ya masika, na linapokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo. Maji machache ya Oktoba yanayopita Ng'iriama si ya kuendesha mitambo, ni ya wanyama na samaki. Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, nalo linapokea maji ya Ruaha Mkuu. Ninaogopa lawama zile zitarudi na sauti kubwa zaidi. Nawaomba TANESCO waketi nasi, wasitusikie kwa kupitia redio.

Watasema uratibu upo, kuna majukwaa ya wadau. Nimehudhuria. Chai ilikuwa nzuri. Kila taasisi iliwasilisha taarifa yake, tukapiga picha ya pamoja kwenye ngazi za ukumbi, na maazimio yakaandikwa kwa kauli ya kutendwa: "ilikubalika kwamba hatua zichukuliwe". Na nani? Lini?

Ninachoomba si wizara mpya wala kikosi kazi kingine. Ninaomba haya:

Kwanza, kipimo kimoja kwa wote. Kina cha maji Ng'iriama na mtiririko unaopimwa Msembe vitangazwe kila Jumatatu kuanzia Julai hadi Desemba, kwenye redio za mkoa na ubao wa kila ofisi ya kijiji. Na kila taasisi niliyoitaja, ikiwemo ile ya umwagiliaji na halmashauri, ipimwe utendaji wake wa mwaka kwa kipimo hicho pia.

Pili, kalenda moja ya mabanio, isainiwe na wizara zote sita kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka. Ionyeshe banio lipi linafungwa lini na lipi linapokea zamu, tuijue kabla hatujaandaa vitalu vya miche. Tukijulishwa mapema tunaweza kusogeza upandaji. Tukijulishwa kwa kufuli hatuwezi.

Tatu, skimu yoyote mpya, au upanuzi wa ya zamani, isipewe fedha mpaka Bodi ya Maji ya Bonde iandike ni maji ya nani yatakayopungua. Barua hiyo isomwe kwenye mkutano wa hadhara wa wanaopunguziwa.

Nne, mabanio ya zege yawekewe tundu la kudumu chini ya geti, lisilofungika, ambalo maji ya jirani wa chini yatapita hata fundi akilala. Wazee walilipata hilo bure kwa magogo.

Tano, vijiji vinavyokunywa mferejini viwekwe juu kwenye orodha ya visima. Kisima kwanza, kufuli baadaye.

Sita, ramani moja. Mipaka ya hifadhi, vijiji, misitu na hizo mita 60 ichorwe kwenye karatasi moja, na kila ofisa atakayekuja na kamba aje na karatasi hiyo.

Saba, mtu mmoja. Miezi ya Agosti hadi Novemba awepo ofisa mmoja mwenye amri juu ya maji ya Usangu, ambaye magari yote mawili, la Jumatatu na la Alhamisi, yatapaswa kupita kwake kwanza. Mimi ningependekeza awe wa Bodi ya Bonde, kwa sababu sheria ya 2009 imeshampa mto. Kama ninyi mnaona afae mwingine, sawa, ila tujulishwe cheo chake na namba ya ofisi yake ibandikwe kwenye kila banio.

Nakala ya faili letu, barua zote kumi na moja na majibu yake mawili, ninayo. Nitamkabidhi mwakilishi yeyote wenu atakayekuja, kwa sharti kwamba wa wizara moja asije peke yake. Mkiamua kujibu kwa barua, jibuni kwa barua moja yenye saini sita, tumieni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, nasi tutaisoma kwenye mkutano wa jumuiya. Vitalu tunaanza kuandaa Oktoba.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa mpunga,
aliyekuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji,
Usangu, Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya.